Herufi moja kwenye kromosomu ya 14

Katika milima ya Antioquia, kaskazini-magharibi mwa Kolombia, upo ukoo mkubwa wa watu wapatao 6,000 ambao kwao kusahau hakusubiri uzee. Aliyerithi badiliko la jeni linalotembea katika ukoo huo huanza kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka 44 hivi, na akifika 49 kwa kawaida ana dimenshia kamili: anarudia swali lilelile, anapotea njia ya kwake, mwishowe hawezi hata kujivika nguo. Daktari Francisco Lopera aliwafuatilia tangu miaka ya 1980 hadi alipofariki mwaka 2024. Mengi tunayoyajua kuhusu Alzheimer ya mapema, yaani ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu huo, ukianza kabla ya miaka 65, tunadaiwa na familia hizo.

Jeni yenyewe ni PSEN1, iliyoko kwenye kromosomu ya 14 na iliyogunduliwa mwaka 1995. Mahali palipopaswa kusomeka herufi za DNA GAA, kwao pamesomeka GCA. A moja imekuwa C, basi. Seli inapojenga protini ya presenilini-1, kwenye nafasi ya 280 inaweka alanini badala ya asidi ya glutamiki. Asidi amino nyingine 466, yaani matofali yanayojenga protini hiyo, ziko sawasawa.

Nakala moja mbovu inatosha kuleta ugonjwa, kwa hiyo kila mtoto wa mgonjwa, wa kike kwa wa kiume, ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi. Asiyeirithi hawezi kumpa mwanawe. Yale maneno kwamba ugonjwa "umeruka kizazi" huwa na maelezo mengine: mara nyingi mzazi aliyebeba jeni alifariki kwa ajali au maradhi mengine kabla dalili hazijajitokeza.

Kwa nini herufi moja ilete maafa hayo? Presenilini ndiyo makali ya kimeng'enya kiitwacho gama-sekretesi, ambacho ni mkasi wenye sehemu nne: presenilini, nikastrini, APH-1 na PEN-2. Mkasi huu umekaa ndani ya utando wa seli, na moja ya protini unazozikata ni APP. Kwanza kimeng'enya kingine, beta-sekretesi, huikata APP upande wa nje. Mkia unaobaki huingia kwenye gama-sekretesi, nayo huupunguza kidogo kidogo, kwa kawaida asidi amino tatu tatu: kutoka urefu wa 49 hadi 46, kisha 43, kisha 40. Njia ya pili huanzia 48, hushuka 45, 42, na kwa mkato wa mwisho wa asidi amino nne huishia 38. Vipande vifupi huondolewa bila taabu kubwa. Kile cha 42 kina isoleusini na alanini za ziada mwishoni, zote zinakwepa maji, kwa hiyo hunata kwa urahisi na vipande vingine hadi yanatokea mabonge ya amiloidi nje ya seli.

Hapa maelezo mengi hukosea. Husemwa kwamba jeni hii mbovu hutengeneza amiloidi nyingi mno. Kwa mabadiliko mengi ya PSEN1, gama-sekretesi hufanya kazi kidogo kuliko kawaida. Inashindwa kukishikilia kipande, inakiachia kabla ya mkato wa mwisho, na uwiano wa 42 kwa 40 unapanda. Wingi halisi wa amiloidi unaonekana zaidi kwa watu wenye ugonjwa wa Down: APP iko kwenye kromosomu ya 21, nao wana nakala tatu, ndiyo maana wengi wao hupata Alzheimer wakiwa na miaka ya hamsini.

Picha za PET, zinazoonyesha amiloidi ndani ya ubongo wa mtu aliye hai, zimeonyesha kwamba wabebaji wa Antioquia huanza kulimbikiza amiloidi wakiwa na miaka 28 hivi, akili bado timamu kabisa. Baadaye hufuata tau, protini inayotegemeza njia za usafirishaji ndani ya seli ya neva. Ikijazwa fosfati kupita kiasi, huachia njia hizo na kujisokota kuwa mafundo. Sinapsi, yaani maungio kati ya seli za neva, hufa, kisha seli zenyewe. Kiasi cha kumbukumbu kinachopotea hufuata tau kwa karibu kuliko kinavyofuata amiloidi.

Ushahidi wenye nguvu ulichapishwa mwaka 2019. Mwanamke mmoja wa ukoo huo, mwenye badiliko lilelile, hakuanza kuathirika hadi alipopita miaka 70. Ubongo wake ulikuwa na amiloidi nyingi sana, lakini tau kidogo. Alikuwa na nakala mbili za badiliko adimu la jeni ya APOE liitwalo Christchurch. Wenye nakala moja tu nao walicheleweshewa dalili kwa takriban miaka mitano. Kwa upande mwingine, jaribio la dawa ya crenezumab, inayolenga amiloidi, halikuonyesha nafuu ya kutosha katika ukoo huo, matokeo yalipotangazwa mwaka 2022. Kwangu mimi, tau haiwezi kuachwa pembeni tena.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo familia huumizwa bure. Mtu wa miaka 45 anayesahau asianze na jeni. Apimwe kwanza VVU, kaswende, vitamini B12 na homoni za tezi ya shingo, aulizwe kuhusu pombe, dawa na sonona, apigwe picha ya CT kuona kama kuna damu iliyovilia chini ya fuvu. Haya yana tiba, na kwa sehemu kubwa yanapimika katika hospitali zetu. Hata baada ya hapo, wengi wanaougua Alzheimer kabla ya 65 hawana badiliko la APP, PSEN1 wala PSEN2, jeni tatu zinazojulikana kuuleta.

Kama kizazi baada ya kizazi kimeugua mapema, chora ukoo wa vizazi vitatu: nani aliugua, dalili zilianza na miaka mingapi, alifariki na mingapi. Damu ya kwanza itoke kwa mgonjwa. Ukimpima binti yake asiye na dalili kabla badiliko la familia halijajulikana, jibu la "hakuna kitu" halina maana.

Maabara iulizwe mambo mawili. Je, inahesabu nakala za APP? Usomaji wa herufi peke yake unaweza kukosa jeni iliyojirudia mara mbili. Na je, inapima C9orf72 kwa njia yake maalumu? Jeni hiyo husababisha dimenshia ya sehemu ya mbele ya ubongo pale herufi GGGGCC zinaporudiwa mamia ya mara, na mashine za kawaida, zinazosoma vipande vya herufi 150 hivi, haziwezi kuvuka urefu huo.

Jibu likija "badiliko lisilojulikana maana", lisitumike kupima ndugu. APOE4, aina nyingine ya jeni ya APOE, nayo huongeza hatari tu, wapo wengi wenye nayo wasiougua kamwe. Watoto wasipimwe hadi wafikie utu uzima na kuamua wenyewe, na mtu mzima aliyekwisha kutoa damu bado ana haki ya kukataa kusomewa majibu.