Miezi 14 ya utingo kabla sijakabidhiwa usukani

Nilipoanza kutafuta kazi ya malori makubwa Dar es Salaam, nilikuwa nimeendesha Fuso la mchanga kwa miaka 4, leseni yangu ilikuwa na daraja E la magari mazito, na nilijiona dereva kamili ambaye amekosa tu mtu wa kumpa semitrela. Tajiri mmoja mwenye malori ya Zambia na Kongo aliitazama leseni ile, akanirudishia, akasema nafasi aliyo nayo ni ya utingo. Nilikubali kwa sababu ya njaa, wala si kwa unyenyekevu, na wiki za mwanzo nilikaa kiti cha kushoto nimenuna kama mtu aliyedhulumiwa.

Mzee niliyepangiwa hakuwa msemaji. Kila alfajiri, kabla hajawasha injini, nilitakiwa kulizunguka gari na kipande cha nondo nikigonga matairi yote 22, kwa kuwa tairi lililojaa upepo huirudisha nondo mkononi na kutoa mlio mkali, ilhali lililopungua hutoa sauti nzito iliyozama. Yenye hila ni yale ya ndani, maana la nje hulibebea mwenzake uzito, nawe ukitazama kwa macho huoni kasoro yoyote. Siku moja nikiwa na usingizi niligonga ya nje peke yake, nikapanda. Mzee alishuka, akagonga tairi la ndani la ekseli ya mwisho, akaniita: "Njoo usikilize, mwanangu." Hakunifokea hata kidogo. Tairi lile tulilibadilisha palepale Chalinze asubuhi, na jioni tulipokuwa tukipita hifadhi ya Mikumi niliona twiga na nyati kando ya barabara, nikawaza ningekuwa nimelala chini ya trela na jeki mahali kama hapo. Nadhani ndipo kununa kulipoanza kuniisha.

Lakini somo lenyewe nililipata mlima Kitonga. Wakati wa kwenda, mlima huo hukutesa kwa kukuchelewesha tu. Wakati wa kurudi kutoka Iringa, unapoteremka kuelekea Ruaha Mbuyuni, ndipo unapokuuliza umekuja na tabia gani. Tulikuwa tumepakia shaba kutoka Kongo, na mzigo wa shaba hudanganya macho, kwa sababu mafungu yake hufika magotini tu huku trela likionekana karibu tupu, kumbe umebeba tani 30. Mzee alikuwa ameshaanza kuniachia usukani kwenye tambarare, na siku hiyo aliniachia tangu Ilula. Kilele kilipofika niliingia na gia kubwa kuliko iliyopasa, kwa kuwa nyuma yangu kulikuwa na basi lililokuwa likipiga honi nami nikaona aibu kuonekana mwoga. Kona ya pili nilikuwa nikikanyaga breki mfululizo. Kabla ya kona ya tatu harufu ya breki zilizoungua iliingia kwenye kabini, na kanyagio likawa linashuka bila gari kupunguza mwendo kama awali.

"Usikanyage kidogo kidogo. Kanyaga moja ya nguvu, ishike, rudisha gia, kisha achia," alisema mzee, kwa sauti ileile anayoombea chumvi mezani. Nilifanya hivyo, breki ya injini ikashika, na tulipopata mahali pa kuegesha nilitelemka kuweka kabari huku magoti yananitetemeka. Gurudumu lilikuwa la moto kiasi kwamba mkono ulihisi joto kabla haujaligusa. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Aliniambia jambo moja tu: mlima huteremkwa kwa gia ambayo ungeupandia, na mwenye basi hatalipa deni lako.

Tangu siku ile nilianza kuuliza, na kuuliza ndiko kulikonifundisha mengi zaidi. Niliuliza kwa nini mzee hushuka kusimamia upakiaji badala ya kulala, nikaelewa kwamba uzito wa jumla unaweza kuwa ndani ya kiwango na bado ekseli moja ikazidi mizani ya Mikese au Makambako, na hapo anayesimamishwa ni dereva, mpakiaji yuko kwake. Kuhusu kuuza mafuta ya gari kwa wizi hakunipa hotuba. Vijana wenye madumu walipotufuata kwenye maegesho, alifunga kioo tu, akaendelea kumenya chungwa. Foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, nayo ilinifundisha kukaa siku 6 bila kugombana na mtu, na kwa tabia yangu ya wakati ule hilo lilikuwa gumu kuliko Kitonga.

Nilikabidhiwa gari langu baada ya miezi 14. Safari ya kwanza ya kurudi niliteremka Kitonga na gia ya nne tangu juu kabisa, mabasi mawili yakinipigia honi hadi yakapata nafasi ya kunipita, na dereva wa moja akanitolea mkono nje ya dirisha kwa maneno ambayo, kwa bahati nzuri, sikuyasikia. Nilipoegesha Ruaha Mbuyuni simu ikaita, nikamwamkia mzee. Hakuuliza habari za safari.

"Umeshuka na ngapi?"

"Na nne, mzee."

"Haya, nenda ukale."