Siku moja maishani mwangu: ng'ombe 46 na malisho yanayopumzika

Saa 11 alfajiri natazama kibonyeo cha ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu ya mwisho. Kikiwa kimejaa, ng'ombe alishiba jana. Kikizama, nilimkatia malisho madogo. Leo wote 46 wako vizuri, isipokuwa mtamba mmoja.

Saa 1 tunahama. Nafungua waya, wanapita wenyewe bila fimbo. Shamba nimeligawa vipande 40, siku moja kila kipande, kisha kinapumzika siku 39. Wapita njia huniambia naacha chakula kipotee, maana nahama nusu ya majani ikiwa bado imesimama. Inaniuma kidogo, kwa sababu majani hayo ndiyo yanayolisha mizizi, na yaliyokanyagwa yanaufunika udongo. Nyasi ikiliwa tena kabla haijajijenga inakula akiba yake ya mizizini, hata kama ng'ombe ni wachache. Mfaransa André Voisin alilieleza hili tangu miaka ya 1950: angalia muda kabla ya kuhesabu mifugo. Mimi nilipunguza kundi mara mbili kwanza, na ardhi ikabaki kipara.

Saa 3 kipimo cha uzio wa umeme kinasoma volti 1,900. Kawaida ni 6,000. Nilipofika upande wa mbali, ng'ombe 11 walikuwa wameshaingia kipande kilichopumzika siku 19 tu, wanang'oa machipukizi laini. Nikawatoa. Wakarudi. Nikawatoa tena, nikaanza kuufuata waya, kilomita mbili na nusu, nguzo kwa nguzo, nafyeka kila jani linalougusa, nabadilisha vishikizo vilivyopasuka. Jua la utosini. Nikapima: 2,100. Nikazunguka upya. Mikono ilikuwa inatetemeka, na nilitamani kufungua kila kitu nirudie ufugaji wangu wa zamani.

Nikampigia mzee anayenifundisha. Habari za waya hakuuliza.

"Mvua ilinyesha lini, mwanangu?"

"Wiki tano sasa, mzee."

"Kamwagie maji fimbo ya ethi."

Umeme wa uzio hurudi kwenye mashine kwa kupitia ardhini na fimbo hiyo ya chuma iliyochimbiwa, na udongo mkavu haupitishi vizuri. Ndoo mbili. Volti 5,800.

Alasiri, sijui saa ngapi, akaja mwenyewe tuchimbie fimbo mbili zaidi, ndefu. Kisha akapigilia ardhini kopo lisilo na kitako, akamimina maji tuone udongo unavyoyanywa. Kwenye njia ya zamani ya ng'ombe yalituama mpaka tukachoka kusubiri. Hatua chache pembeni, ndani ya kipande, yalizama tukiyatazama. Akageuza samadi kwa kijiti: chini yake matundu ya mbawakawa wanaoizika samadi, tele. Mwaka jana hawakuwepo, enzi ninawanywesha ng'ombe wote dawa ya minyoo bila kupima, dawa ambayo ikitoka na samadi inaweza kuwaua. Alinishika bega, hakusema kitu, nami sikuweza kusema.

Usiku, daftari. Kile kipande kilichovamiwa nimekifutia siku zake 19. Nimeandika: siku ya kwanza.