Moyo unatoa hela, kichwa kinaipeleka

Mimi nikiona klipu ya kasa kanasa kwenye wavu, kajicho kanapepesa, mkono ushafika kwenye simu kabla klipu haijaisha, na wala sioni aibu maana bila ile kuumia nisingetoa hata senti.

Nilichofanya ni kutenganisha kutoa na kupeleka. Nikiguswa tu hela naiweka pembeni palepale, kwenye laini nisiyoitumia, basi huruma kazi yake imeisha. Pa kuipeleka naamua siku nyingine nikiwa nimetulia na picha sifungui hata moja.

Wazo lilitokana na utafiti mmoja wa Marekani wa miaka ya 1990 mwanzoni, watu waliulizwa wangelipa kiasi gani kuokoa ndege wanaozama kwenye madimbwi ya mafuta, kundi la kwanza likaambiwa ndege 2,000, la pili 20,000, la tatu 200,000. Wastani wa majibu: dola 80, 78, 88. Yaani ndege wameongezeka mara mia na hela iko palepale! Daniel Kahneman, yule mwanasaikolojia wa Nobeli ya uchumi 2002, alieleza kwamba watu hawalipii idadi, wanalipia ndege mmoja waliyemwona kichwani, kalowa mafuta, hawezi kuruka.

Kwa hiyo nikikaa na daftari najiuliza, hii hela inaondoa chanzo gani hasa? Ndo nikaangukia kwa tumbusi, ndege kipara mla mizoga ambaye hakuna anayemlilia. India kuanzia miaka ya 1990 aina tatu za tumbusi zilipukutika kwa zaidi ya asilimia 95, na chanzo ni diklofenaki, dawa ya maumivu wanayopewa ng'ombe, ng'ombe akifa nayo mwilini tumbusi akimla figo zinakufa. Mizoga ikazagaa, mbwa koko wakafaidi. Mwaka 2006 serikali ikaipiga marufuku kwa mifugo, na meloksikamu ipo, inatuliza maumivu bila kuua ndege. Kwangu hiyo ni hesabu safi, sumu inajulikana na mbadala upo.

Shida ni kwamba hesabu haikuamshi usiku, na tumbusi hana klipu ya kukutoa machozi (nimetafuta!). Nilijua baada ya muda nitapoa, so nikaweka makato ya kila mwezi wakati bado nina moto, hela inatoka siku ya mshahara kabla sijafungua simu.