Gofu 2026: Mwaka Utakaoamuliwa na Upepo

Kila Januari, kaskazi inapokuwa imeshika na jua la saa nne asubuhi linachoma shingo, wanachama wa klabu huniuliza swali lilelile katika uwanja wa mazoezi: mwaka huu ni nani watakaotwaa mashindano manne makubwa ya gofu duniani, yaani Masters, PGA Championship, US Open na The Open? Nimefundisha mchezo huu hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 20, na kabla ya hapo nilibeba mifuko ya wachezaji nikiwa kedi, kwa hiyo swali hilo nimelijibu mara nyingi na mara nyingi nimekosea. Safari hii jibu langu limekuwa refu kuliko kawaida, kwa sababu ratiba ya 2026 ina jambo ambalo mtu aliyekulia kando ya bahari hawezi kulipita hivi hivi. Mawili kati ya mashindano hayo manne yatachezwa katika viwanja vilivyo jirani na bahari, ambako ulinzi wa kwanza wa uwanja ni upepo, na mimi ninaamini kwamba anayeujua upepo ndiye atakayeondoka na kombe.

Elimu yangu ya upepo haikutoka darasani. Niliipata kwa kedi mmoja mzee aliyekuwa mvuvi kabla ya kuja kubeba mifuko, naye alizungumza juu ya hewa ya uwanjani kwa maneno yaleyale aliyoyatumia majini. Alinifundisha kwamba alfajiri huvuma umande, upepo mwepesi utokao nchi kavu, na kwamba jua likipanda upepo wa baharini huanza kushika hadi alasiri, wakati ambapo shimo lililochezwa asubuhi kwa fimbo ya chuma namba 8 huhitaji namba 6, kwani namba ikiwa ndogo fimbo hupeleka mpira mbali zaidi. Alijua kwamba kaskazi ya Januari na kusi ya Julai huugeuza uwanja mmoja kuwa viwanja viwili. Anayecheza katika klabu ya Gymkhana, hatua chache kutoka Barabara ya Barack Obama na bahari yenyewe, anafahamu ninachokisema, kwa kuwa kuna siku mpira hufika pale pwani kana kwamba umebebwa, na kuna siku hurudi kama uliofungwa kamba.

Somo lake kubwa lilikuwa juu ya bendera. Alikuwa akiniambia, "Kijana, bendera iko chini, imefichwa na miti. Mpira wako utapita juu. Tazama vichwa vya minazi." Nilikuwa na miaka 14 na sikuelewa uzito wa maneno hayo, lakini hadi leo, kabla sijamruhusu mwanafunzi achague fimbo, ninamtaka ainue uso na kutazama vilele vya miti iliyo nyuma ya grini, yaani majani mafupi yanayolizunguka shimo. Mpira uliopigwa vizuri huruka juu kuliko bendera mara nyingi zaidi, na huko juu upepo unaweza kuwa na nguvu tofauti, hata mwelekeo tofauti, na ule unaousikia usoni.

Niliuelewa uzito huo siku niliyoadhibiwa. Nilikuwa kijana wa ridhaa, nikiongoza kwa mkwaju mmoja katika shimo la mwisho la mashindano ya klabu, mwezi wa Julai, kusi ikinijia usoni. Nilikuwa na mita 140 hadi kwenye grini, nikachukua chuma namba 7 ambacho siku tulivu kingetosha kabisa, na kwa kuwa nilihisi upepo niliamua kuongeza nguvu. Mpira ulipanda, ukapanda tena, ukasimama angani kama tiara, kisha ukashuka wima ndani ya bunka, lile shimo la mchanga. Nilimaliza kwa mikwaju sita na kushindwa kwa mkwaju mmoja. Mzee yule alibeba mfuko wangu hadi nje bila kusema neno, na tulipofika langoni aliniambia, "Umegombana na upepo." Hilo ndilo kosa ninaloliona kila wiki kwa watu ninaowafundisha, wawe wameanza jana au wamecheza miaka 30.

Sababu yake ni rahisi kuieleza. Fimbo inapougonga mpira huufanya uzunguke kinyumenyume, na mzunguko huo ndio unaouinua hewani. Ukipiga kwa nguvu zaidi, mzunguko huongezeka. Ukiwa unaukabili upepo, hewa inayopita juu ya mpira huwa na kasi zaidi na kuuinua hata kuliko ulivyotaka. Kwa hiyo anayeongeza nguvu dhidi ya upepo anaongeza kimo cha mpira, na kimo ndicho chakula cha upepo. Dawa ni kufanya kinyume: chukua fimbo ndefu kwa namba moja au mbili, ishike chini kidogo ya kawaida, uweke mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu, kisha upige kwa robo tatu ya mzunguko wa mikono yako na uikatishe fimbo mikono ikiwa kifuani. Mwanzoni mwili hukataa. Mtu mzima mwenye nguvu zake haamini kwamba kupiga polepole kutamfikisha, na mimi humwomba apige mipira kumi tu hivyo kabla ya kubishana nami. Naongeza pia kwamba upepo wa usoni hupunguza umbali kuliko upepo wa mgongoni unavyouongeza, kwa hiyo hesabu yako ya namba za fimbo haipaswi kuwa ileile pande zote mbili.

Nikiwa na mawazo hayo ndipo ninapoitazama Shinnecock Hills, katika kisiwa cha Long Island, jimbo la New York, ambako US Open itachezwa kuanzia tarehe 18 hadi 21 Juni. Itakuwa mara ya sita kwa uwanja huo kuyapokea mashindano hayo, na mara mbili za karibuni uliwatesa wachezaji. Mwaka 2004 grini ya shimo la 7 ilikauka kiasi kwamba waandaaji walilazimika kuimwagilia maji katikati ya raundi ya mwisho, na mwaka 2018 Brooks Koepka alishinda akiwa mkwaju mmoja juu ya kiwango cha uwanja, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari, maana yake hakuna hata mmoja aliyeushinda uwanja kwa siku nne. Mchezaji ninayemtazamia hapo ni Scottie Scheffler. Ameshinda Masters mara mbili, 2022 na 2024, kisha mwaka 2025 akatwaa PGA Championship na The Open. Kilichobaki ni US Open peke yake. Akiipata atakuwa mtu wa saba kuwahi kuyatwaa mashindano yote manne ya zama hizi, baada ya Gene Sarazen, Ben Hogan, Gary Player, Jack Nicklaus, Tiger Woods na Rory McIlroy, ambaye aliikamilisha orodha yake mwaka jana Augusta, uwanja wa Masters. Tena raundi ya mwisho itaangukia siku Scheffler anapotimiza miaka 30.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini miguu ya Scheffler huteleza anapopiga, kana kwamba amekanyaga sakafu yenye maji, ilhali mimi huwasisitizia wasimame imara. Huwajibu watazame uso wa fimbo yake pale unapokutana na mpira, kwa sababu hapo hakuna anayemzidi kwa usahihi, na miguu yake inaufuata mwili uliokwisha kufanya kazi yake. Ninampa nafasi kubwa kuliko yeyote. Hata hivyo, US Open ya mwaka jana pale Oakmont inanizuia kusema kwa uhakika. J.J. Spaun alipoteza mkwaju katika mashimo matano kati ya sita ya kwanza siku ya mwisho, mvua ikasimamisha mchezo, akarudi na kumaliza kwa kuusukuma mpira wa zaidi ya mita 19 ndani ya shimo la mwisho, akawa mshindani pekee aliyemaliza chini ya kiwango cha uwanja. Raundi hiyo nimewaonyesha vijana wangu mara tatu, na hasa ninawataka wautazame uso wake anapotoka shimo la 6, kwa sababu hakuna dalili ya mtu aliyekata tamaa.

Kuhusu Masters ya Aprili nitasema machache. McIlroy amekwisha kuutua mzigo wa kuikosa Masters aliokuwa nao tangu 2014, na huenda akacheza kwa wepesi ambao hatujauona, lakini kulitetea koti la kijani analovishwa mshindi ni kazi nzito: hadi 2025, Nicklaus, Nick Faldo na Woods pekee ndio waliokuwa wamewahi kushinda miaka miwili mfululizo. Mimi ninamchagua Ludvig Åberg wa Sweden, aliyemaliza wa pili alipocheza huko mara ya kwanza mwaka 2024. PGA Championship ya Mei itakuwa Aronimink, karibu na Philadelphia, mbali na bahari, na hapo ninampa Xander Schauffele kwa sababu ya utulivu wake tu.

Mashindano ninayoyasubiri kwa moyo wote ni The Open ya Julai pale Royal Birkdale, katika mji wa Southport, pwani ya magharibi ya Uingereza. Mwaka 2008 upepo ulivuma kiasi kwamba Padraig Harrington alishinda akiwa mikwaju mitatu juu ya kiwango, na Greg Norman, mwenye miaka 53 wakati huo, alikuwa akiongoza mwishoni mwa siku ya tatu. Jambo hilo ninawaeleza wanachama wangu wa umri mkubwa wanaosikitika kwamba vijana wanawaacha mita 50: siku ya upepo, nguvu za kijana zinapungua thamani na akili ya mzee inapanda. Mwaka 2017 Jordan Spieth aliupiga mpira wake wa kwanza wa shimo la 13 mbali kabisa upande wa kulia, kwenye vilima vya mchanga, akakubali adhabu, akatumia muda mrefu kutafuta mahali pa kuangushia mpira hadi akauangusha katika uwanja wa mazoezi, akapoteza mkwaju mmoja tu, kisha akapunguza mikwaju mitano katika mashimo manne yaliyofuata.

Chaguo langu Birkdale ni Tommy Fleetwood. Alizaliwa Southport. Alipokuwa mtoto, yeye na baba yake walikuwa wakiingia kwa kunyemelea katika uwanja huo ili apige mipira michache, na mtu aliyewahi kuwa kedi hawezi kuisikia habari hiyo bila kuguswa. Nasi tulikuwa tukisubiri wanachama wa mwisho waondoke, giza likiingia, ndipo tucheze mashimo mawili au matatu kwa fimbo moja tuliyopokezana. Fleetwood alisubiri hadi Agosti 2025 kupata ushindi wake wa kwanza katika PGA Tour ya Marekani, baada ya mashindano zaidi ya 160, na sasa anarudi nyumbani. Upepo wa Southport aliujua kabla hajajua kuhesabu mikwaju.

Hapa kwetu pia msimu una mambo ya kutazamwa. Kombe la Mkuu wa Majeshi katika uwanja wa Lugalo huwakutanisha wachezaji wa ridhaa, wa kulipwa, wazee na vijana, na ninatarajia kuwaona mbele wale waliotoka katika ukedi, kwa kuwa wao ndio wanaozijua grini zetu. Majani yake ni jamii ya ukoka, na ukoka hulala. Ukisimama nyuma ya mpira na kuyaona majani yakimetameta, yamelala kuelekea shimoni na mpira utakwenda kasi. Yakionekana ya kijani kilichoiva, yanakuelekea wewe na utalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mgeni kutoka Arusha, aliyezoea mpira kuruka mbali kwa sababu ya wepesi wa hewa katika mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, huhitaji siku mbili kuzoea hewa nzito ya pwani. Kwa upande wa wanawake, mchezaji kama Madina Iddi ameshaonyesha kwamba Mtanzania anaweza kwenda nchi za watu na kurudi na ubingwa. Ombi langu kwa klabu zetu, na ninalisema kwa uzito wote, ni kwamba watoto wa makedi na wasichana wa mitaa iliyo jirani wapewe saa kadhaa za uwanja kila wiki kwa ruhusa, mchana kweupe, wasilazimike kusubiri giza kama sisi.

Jumapili ya tarehe 19 Julai, raundi ya mwisho ya Birkdale itakapokuwa inachezwa, saa zetu zitakuwa mbili mbele ya zao, na viongozi wataanza mchezo wao alasiri yetu. Siku hiyo mazoezi ya vijana yataisha saa tisa. Kusi itakuwa inavuma, na kabla hatujaingia ndani kutazama nitamtaka kila mmoja apige mpira mmoja kuukabili upepo, kwa chuma namba 6, kwa robo tatu ya nguvu zake, baada ya kunionyesha kwa kidole vichwa vya minazi vinaelekea wapi.