Nilivyolitetea gugu lililomharibia shangazi biashara

Nilipokuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni hapa Kisumu, tulikuwa na mdahalo wa Kiswahili kila Ijumaa jioni bwaloni. Muhula wa kwanza wote nilikariri. Nilijaza kurasa tatu, nikazimeza neno kwa neno, na siku tuliyokutana na shule jirani mpinzani akasimama: "Hoja ya taarifa, mwenyekiti." Aliuliza swali moja tu, ambalo halikuwamo katika kurasa zangu. Nilibaki nikimkodolea macho mtunza saa mpaka akagonga meza. Usiku ule nililia ndani ya blanketi.

Mwalimu mlezi alichukua karatasi, akaikunja katikati, akanipa. "Upande huu andika hoja za mpinzani wako. Anza na huo."

Mada iliyofuata ilikuwa kwamba magugu maji yana manufaa kwa wakazi wa Ziwa Victoria. Mimi nikapangwa mtetezi.

Iliniuma. Shangazi yangu huuza samaki Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu. Gugu hilo asili yake ni Amerika Kusini, nalo lilianza kuonekana ziwani karibu na mwaka 1990. Mimi nimekua nikiona upepo ukilisukuma hadi mashua zinashindwa kutoka. Siku kama hizo shangazi hurudi na karai tupu. Kwa hiyo upande wa mpinzani ulijaa upesi: injini hunaswa, nyavu huchanika, konokono wanaobeba kichocho hupata makao, maji yaliyofunikwa hukosa oksijeni na samaki huhama. Upande wangu ulikuwa mweupe.

Likizo ya katikati ya muhula nilimweleza shangazi, nikihofia atakasirika. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa Dholuo, "Twende kwa jirani."

Jirani husuka vikapu. Mabua ya gugu yalikuwa yameanikwa juu ya mabati, ya kahawia, mepesi ajabu, maana gugu bichi karibu lote ni maji. Mama yule alichukua mabua matatu, akayasuka kama nywele za mtoto, akanipa ncha moja. "Vuta." Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Hayakukatika. Nikakaa naye hadi magharibi nikimuuliza: huyakausha siku ngapi, nani hununua, pesa huenda wapi. Karo ya kifungua mimba wake, akaniambia, ilitoka humo.

Siku ya mdahalo nilipanda jukwaani na kile kipande cha msuko, bila karatasi. Hoja ya taarifa ikaja, kama nilivyoitarajia: "Je, vikapu vitamrudishia mvuvi nyavu zake?"

"Havitamrudishia," nikajibu. "Hasara hiyo naijua, imeingia nyumbani kwetu. Lakini mada inasema magugu yana manufaa. Haisemi hayana hasara." Kisha nikainua ule msuko, nikasimulia habari za karo. Sikutetemeka. Kila walilouliza nilikuwa nimeshaliandika kwa mkono wangu.

Tulishinda kwa alama mbili. Shule zilipofungwa nilikwenda Dunga kumpa shangazi habari. Alifurahi, kisha akaacha kupaa samaki akaniuliza, "Na sisi wa samaki, nani alitusemea?"

Nikatoa ile karatasi mfukoni, nikamsomea upande wa mpinzani, mstari kwa mstari. Alipotaka kuongeza hoja, nikaomba kalamu kwa jirani.