Eti mimi ni mtu au mashine?

Jumatano usiku, saa nne kasoro robo, Bi Mkubwa ashalala, nami nimeinamia pindo la dera la Rukia. Simu ikalia. Nikajua ni kule Mastodon, mtandao wa kijamii, maana mlio wa WhatsApp naujua, si huo. Nikapukuta nyuzi juu ya kioo, nikasoma:

"Samahani, wewe ni mtu au mashine?"

Salamu hakuna. Masalkheri hakuna. Mtu au mashine.

Nikajibu, "Ni mtu." Akaleta: "Sawa, nauliza tu." Basi, kaenda zake.

Mpwa wangu Farid ndiye aliyenitia huko Mastodon. "Khaloo, wewe mtu wa maneno, huko kuna nafasi, herufi 500." Herufi 500 mimi huzimaliza kwenye kusalimia tu, lakini nikaingia. Siku ya kwanza nikaandika nilivyolelewa: "Hodi hodi wenyewe." Kimya. Ya pili: "Hodi." Kimya. Ya tatu: "Hodi jamani." Na hodi ni mara tatu, usipoitikiwa ujirudie kwako. Nilikuwa nishavaa viatu vya kurudi, ndipo akaja huyo na suali lake.

Tangu hapo majibu hayaishi kunijia. Nakuna nazi, nasema ningemwambia, "Na wewe, ulizaliwa au uliundwa?" Niko kwenye feri napeleka buibui Likoni, nasema la, ningemwambia, "Mimi ni mtu, mashine ni hii ninayoikalia mbele yake mwaka wa 22 huu." Hilo lilikuwa zuri, nikacheka peke yangu, bibi wa pembeni akasogeza kikapu chake. Na nilichojibu ni nini? "Ni mtu." Kama aliyeshikwa na askari. Ijumaa nikashona mkono wa dera kinyume, nikafumua, nikaushona kinyume tena.



Jumamosi Farid kaja kwa mahamri yake. Nikamwonyesha, nikingoja anitetee. Akaitazama simu, akaisogeza karibu na macho, kisha akacheka mpaka mbaazi zikampalia.

"Khaloo, nani kakutia alama hii?"

Kumbe chini ya jina langu pana kialama kinachosema akaunti hii inajiendesha yenyewe. Siku ya kujiandikisha niliona kisanduku cha Kiingereza, nikafahamu neno la kujiendesha, nikadhani ni huduma, kitu cha kuhifadhi picha bila kusumbuka. Nikatia tiki. Yaani nimetundika kibao mlangoni kwamba ndani hamna mtu, kisha nikasimama hapo hapo nikibisha hodi.

Na hizo hodi nazo, akanambia, nani angezisikia? Huko hakuna mtambo wa kukuletea watu. Waona ya wale unaowafuata, kwa mpango wa saa, na mimi sikuwa nimemfuata hata mmoja, wala hakuna aliyenifuata. Hata alama ya reli, ile # ya kutafutiwa maneno, sikutia. Eti Mastodon si nyumba moja: Eugen Rochko aliyeianzisha Ujerumani mwaka 2016 aliifanya ya seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi akaunti za watu na kuwasiliana, kila seva na mwenyewe na kanuni zake. Hapo nikafahamu. Ni mitaa. Wa Kuze na wa Kisauni wana wazee mbalimbali, lakini wakipishana barabarani husalimiana.

Tiki tumeitoa. Nikataka kutia picha ya cherehani, Farid akanipokonya simu: "Khaloo, utaulizwa tena!" Tukatia leso yangu ile ya zambarau.

Usiku nikamwandikia yule: "Kumradhi, nilijiandika mashine kwa mkono wangu. Mimi ni mshoni, niko Mombasa." Haikupita dakika.

"Haha! Karibu sana. Mama yangu pia mshoni, Tanga. Shikamoo."

Karibu. Hodi ya siku ya kwanza imeitikiwa siku ya sita. Niliizima simu, nikaiwasha nikaisoma tena, nikalala na kicheko.

Ila hiyo shikamoo sasa. Picha ni leso tupu, umri wangu kaujulia wapi? Ni "kumradhi" iliyonichongea? Niliitikia marahaba, ningefanyaje.

Na yule kijana wa mkokoteni wa maji hajapita tangu juzi. Si kawaida yake, hata siku za mvua hupita. Nimebakiwa na madumu mawili, nimemuuliza wa duka, nimemuuliza fundi wa viatu, hakuna amjuaye kwao. Wala jina lake. Sote twamwita Maji.