Gari la Pili Nililikagua Kuanzia Magurudumu

Gari la kwanza nililonunua Nairobi lilinionyesha tabia yake siku ya tatu. Nilikuwa nakwenda Machakos kumwona mama, nikapita Athi River, barabara ikawa wazi, nikaongeza mwendo. Kufika kilomita 90 kwa saa, usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu, mtetemo mdogo usiokoma, kama mtu aliyeegemea ukuta wa kinu cha posho. Nikipunguza hadi 75, unatulia. Na nilikuwa nimelijaribu kabla ya kulipa! Lakini nililijaribu mtaani, tuta baada ya tuta, na kwa mwendo wa namna hiyo hata gurudumu lililopinda halisemi neno.

Nilipiga balansi kwa mafundi watatu tofauti. Kila mmoja alipachika risasi zake, yaani vile vizito vidogo vya kusawazisha gurudumu, mtetemo ukapungua kidogo, haukuisha. Wa nne ndiye aliyeniita karibu, akalizungusha gurudumu la mbele kushoto na kunionyesha: ukingo wa ndani wa rimu ulikuwa umebonyea, na tairi lenyewe lilikuwa limevimba kwa sababu nyuzi zake za ndani zilikatika. Balansi husawazisha uzito tu. Kitu kilichopoteza uduara wake hakirudishwi na risasi. Nilibadilisha rimu na matairi mawili kwa pesa niliyokuwa nimeiweka ya karo, na uchungu huo sijausahau.

Kwa hiyo nilipoliuza na kuanza kutafuta lingine, niliamua magurudumu yatakaguliwa kwanza, kabla ya injini na kabla ya kuulizia bei ya mwisho. Watu waliniambia ninaanzia pabaya. Mimi naona gurudumu linasema mengi kuhusu barabara ambazo gari limepita na jinsi lilivyotunzwa.

Jambo ambalo nilipaswa kulijua mapema ni hili: nguvu ya gurudumu lisilo na balansi hukua haraka kuliko mwendo wenyewe. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Chukua rimu ya inchi 15 iliyopungukiwa na gramu 20 tu ukingoni. Kwa kilomita 100 kwa saa, upungufu huo unavuta kama uzito wa kilo tatu hivi, na unavuta upande huu na ule karibu mara 15 kila sekunde. Kwa 50, haufiki hata kilo moja. Ndiyo maana muuzaji anayekuzungusha ndani ya estate hakuonyeshi chochote, hata kama hana nia mbaya.

Gari nililolipenda lilikuwa Toyota Fielder ya mzee mmoja wa Imara Daima, mstaafu, mtu wa heshima. Nilifika saa moja asubuhi, kabla halijaoshwa, maana nilitaka kuyaona magurudumu na uchafu wake.

"Karibu mama. Injini ni hii hapa, nifungue boneti?"

"Asante mzee, tutafika huko. Naomba kwanza nitazame matairi."

Nilichuchumaa nikasoma tarehe. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Matairi matatu yalikuwa ya kampuni moja na yaliandikwa 3119, yaani wiki ya 31 ya 2019. La mbele kushoto lilikuwa la kampuni nyingine, 0822, na vali yake ilikuwa mpya, mpira wake bado mweusi unaong'aa. Tairi moja likiwa geni katikati ya wenzake, jiulize lile la zamani lilipatwa na nini. Sisi huendesha upande wa kushoto, na mashimo ya Nairobi mengi yako kwenye ukingo wa lami, kwa hiyo magurudumu ya kushoto ndiyo hupigwa zaidi.

Halafu nikawasha tochi ya simu na kuchungulia kati ya mikono ya rimu. Zilikuwa rimu za aloi, ambazo vizito vyake hubandikwa kwa gundi upande wa ndani. Magurudumu matatu yalikuwa na vipande viwili vitatu kila moja. Lile la mbele kushoto lilikuwa na vipande vilivyopangana kama meno, safu mbili, vingine vipya na vingine vimeshika kutu, na pembeni alama za gundi mahali vingine vilipobanduka. Hapo nilijua kuna fundi aliyekuwa akifukuzana na kitu asichokikamata.

Nilimwomba mzee akate usukani wote kulia, nikapitisha mkono nyuma ya tairi nikipapasa ukingo wa ndani wa rimu. Ukingo mzima unateleza kidoleni kama mdomo wa sufuria. Huu ulikuwa na mahali, upana wa vidole vinne hivi, ambapo ulikuwa umelala. Kwa nje huoni kitu, rimu inang'aa. Upande wa ndani ndio hubonyea mara nyingi, na hakuna anayepiga picha upande huo kwenye tangazo.

Sikumwambia mzee lolote bado. Nilitaka barabara iseme.

Tulitoka hadi Mombasa Road. Mzee alipendekeza tupande Expressway, ile barabara ya kulipia, kwa kuwa haina msongamano, lakini mwisho wa mwendo huko ni 80, nami gari langu la kwanza lilikuwa mpole kabisa hadi 85. Tukaelekea Athi River. Yeye aliendesha kwanza, mimi nikakaa kiti cha nyuma, kiganja kimelala juu ya kiti na miguu bapa sakafuni. Nafanya hivi kwa sababu magurudumu ya nyuma hayaongei kupitia usukani. Yanaongea kupitia kiti na sakafu. Kilomita za kwanza sikuzihesabu: gari lililolala mahali pamoja, matairi hubonyea chini na hutikisika kidogo hadi yapate joto. Ukihukumu mapema utaliacha gari zuri.

Nyuma kulikuwa shwari. Baada ya Athi River tukabadilishana. Kwa 80, shwari. Kwa 88 hivi, nikausikia. Mtetemo ule ule wa safari ya Machakos. Nikaondoa mguu kwenye mafuta bila kukanyaga breki, mtetemo ukabaki, ukafuata mwendo ukishuka nao. Basi si injini. Nikakanyaga breki polepole mara mbili, haukuongezeka. Basi si diski za breki, kwa maana diski zilizopinda hutikisa usukani unapofunga breki.

"Mzee, weka mkono wako hapa," nikamwambia. Akagusa usukani kutoka upande wake, akanyamaza kidogo.

"Mimi gari hili nalipeleka kanisani na sokoni tu," akasema. "Sijawahi kulifikisha huku."

Nilimwamini. Alikubali twende kwenye duka la matairi Industrial Area, gharama yangu, shilingi 300 kila gurudumu. Fundi alipoliinua gari nilimwomba kabla ya kutoa nati alitikise kila gurudumu kwa nguvu, akishika juu na chini, halafu kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, tazama beringi ya gurudumu au boljointi, kile kiungo kinacholishikilia gurudumu. Likicheza kushoto na kulia tu, kwa yale ya mbele, tazama taierodi, ile fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Yote yalikaa imara.

Kwenye mashine ya balansi ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu wanatazama risasi zikipachikwa badala ya kusoma namba. Mimi nilimwomba atoe vizito vyote vya zamani, akwangue matope makavu ndani ya rimu, kisha azungushe na kunisomea gramu kabla ya kubandika chochote. Nyuma kulia, 10. Nyuma kushoto, 15. Mbele kulia, 20. Mbele kushoto mashine iliitisha 85 upande wa ndani na 30 nje.

"Fundi, lilegeze, uligeuze nusu mzunguko kwenye ekseli ya mashine, ulifunge tena."

Alinitazama, akafanya. Gurudumu likifungwa bila kukaa katikati sawasawa, mashine hutoa namba za uongo, na ukiligeuza namba hubadilika. Zilirudi 80 na 30, mahali pale pale. Kisha akalizungusha polepole kwa mkono na kusimamisha ncha ya bisibisi karibu na ukingo wa ndani, bila kugusa. Sote watatu tuliinama kutazama. Nafasi kati ya ncha na rimu ilikuwa nyembamba kama shilingi, ikafunguka hadi kidole kikapita, ikajifunga tena. Kila mzunguko, mahali pale pale.

"Mama, hili si deni la balansi," fundi akasema. "Ningeweza kukubandikia gramu zote hizo, na ungerudi mwezi ujao."

Mzee aliuliza kama inaweza kunyooshwa. Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo mjini, lakini aloi iliyopindishwa ikarudishwa inaweza kubaki na ufa usioonekana, na mimi hubeba watoto. Nilikataa. Tukakubaliana atafute rimu nyingine inayofanana, na pesa yake itoke kwenye bei ya gari, wala tusigusie kitu kingine. Hakubishana. Nadhani kuiona kwa macho yake ile nafasi ikifunguka na kujifunga kulimaliza maneno.

Rimu ilipatikana Kirinyaga Road baada ya siku nne. Ile nayo niliipeleka kwenye mashine ikiwa tupu, bila tairi, nikaizungusha na bisibisi kando yake kabla ya mzee kulipa. Tairi la 2022 lilikuwa zima, likavalishwa, mashine ikaitisha 15 ndani na 5 nje.

Tulirudi barabara ile ile, mzee akiwa pembeni yangu. Baada ya Athi River nilifikisha 100, nikalegeza vidole hadi usukani ukabaki umegusa viganja tu. Ulikuwa umetulia. Mzee aliunyoshea mkono, akaugusa kama siku ile, akauacha hapo hadi tulipokaribia njia ya Machakos.

"Mimi nilidhani magari yote hutetemeka hivyo," akasema.

Jioni hiyo tulianza utaratibu wa kuhamisha umiliki.